Oili ya Pikipiki ya Baba

Pikipiki ya baba ilikuwa inatema oili, na kaka yangu hakuweza kuivumilia. Ni ya zamani, baba aliinunua kabla hajaoa. Ubavuni mwa injini pana mpira mwembamba wa kutoa hewa, maana pistoni ikishuka inasukuma hewa, na hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Ringi za pistoni zikichakaa, hewa inatoka pamoja na oili. Baba aliuelekeza mpira ule nyuma, karibu na mnyororo, oili ikawa inadondokea huko na nyingine inamrukia. Kila Ijumaa anarudi msikitini pindo la kanzu lina madoa, wala hajali.

Kaka akauziba mpira kwa bolti. "Mzee anatutia aibu," alisema. Haya, siku ya pili injini ikasukuma sili, ile raba inayozuia oili, ikachomoka na oili ikamwagika ua mzima. Wallahi nilimtukana kaka mpaka majirani wakatoka nje. Sili nilibadilisha mwenyewe, bolti nikaitupa chooni. Kazi hiyo baba alinifundisha mimi, hakumfundisha yeye, na nadhani hilo lilikuwa linamuuma.

Lakini ugomvi wenyewe haukuwa wa oili. Baba alikuwa ameanza kusahau. Mwanzo yalikuwa majina ya wajukuu, tukacheka naye. Kisha akawa anamuulizia mama, ambaye tulishamzika zamani, na ukimwambia amefariki analia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Kaka alitaka pikipiki iuzwe. Mimi nikasema ukimnyang'anya hiyo utakuwa umemmaliza. Tukakubaliana kuficha ufunguo tu.

Asubuhi moja natoka kuchota maji, pikipiki haipo. Ameunganisha waya akaiwasha, mtu asiyejua leo ni siku gani! Barabara ya kutoka Handeni ina malori, na baba haoni vizuri jicho la kushoto.

Kaka alinipakia kwenye bodaboda yake tukaondoka. Njia nzima ananifokea, "Umeona sasa? Ungeniacha niiuze!" Nilikuwa naangalia pembeni mwa lami, namwomba Mungu nisione kanzu chini. Kwenye kijiwe cha kwanza kijana mmoja akatuambia mzee alisimama pale, injini inanguruma, akaulizia njia. Akatuonyesha kidimbwi cha oili, bichi kabisa. Kwenye njia panda tukakuta kingine, na matone yanaelekea Korogwe. Kaka akapunguza mwendo. Tuliyafuata hivyo hivyo, kila alipochanganyikiwa ameacha doa, mpaka tukavuka daraja la Mto Pangani.

Mjini matone yalipotea, mabasi na malori nayo yamemwaga ya kwao. Kaka akasimamisha bodaboda, hajui aelekee wapi.

"Twende Kwamndolwa," nikamwambia. Huko ndiko tulikozaliwa. Nyumba ile tuliiuza mama alipofariki.

Alikuwa amekaa barazani, mzima, kanzu imelowa oili. Mwenye nyumba, mama wa makamo tusiyemjua, alikuwa amempa uji.

"Anasema hapa ni kwake," alininong'oneza. "Nikaona nisimbishie."

Nilimshukuru sana. Kaka alibaki kando ya bodaboda yake, amegeuka, analia. Hakutaka baba amwone.

Nikapiga magoti mbele ya baba, nikamshika mikono. Ilikuwa ya moto na inateleza kwa oili.

"Baba."

Akaniangalia kwa adabu, akaweka kikombe chini, akajiweka sawa.

"Shikamoo, mama."

Jamani, baba yangu mzazi! Sikuweza kuitikia, na kunyamaza pia sikuweza, maana alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Marahaba," nikasema.

Akaridhika. Akainyooshea pikipiki kidole, chini yake doa linazidi kukua.

"Inamwaga oili," akasema, "lakini usihangaike. Binti yangu anaijua. Nimemtuma spana, anarudi sasa hivi."

"Basi tumsubiri," nikasema, nikakaa kando yake.