Bima Yangu Ghali na Gari la Chilumba

Nilikata bima ya gari ya bei ghali, nikawa natembea Likombe nzima kifua mbele. Jirani yangu na mwalimu mwenzangu, Chilumba, alikata ya bei nafuu.

"Hiyo bima yako ya bei ya mihogo," nilimcheka, "siku ukigongwa nani atapokea simu yako?"

Nikamgonga mimi, nikirudi nyuma getini huku najitazama kiooni. Kwa kuwa kosa lilikuwa langu, kampuni yangu ililipia gari lake upesi, likarudi linametameta kama maji ya asubuhi. Langu bado linamsubiri mkaguzi kutoka Dar.

Sasa Chilumba ndiye ananipa lifti. Jana, mbele ya walimu wote, alinifungulia mlango kwa heshima.

"Mwalimu, bima ghali ina huduma nzuri kweli," alisema. "Mwakani ukikata tena, naomba unigonge ubavu wa pili."