Kamera Yenye Tundu la Kuchungulia

Kiema wa Kanyangi alifumba jicho la kushoto kila alipomtazama mtu kwa makini. Alilifumba akimsikiliza mhubiri, alilifumba akitaja bei ya mbuzi, alilifumba akimpokea mgeni mlangoni. Waliomjua walikuwa wameacha kuliona jambo hilo. Waliokuwa wageni walidhani anawakonyeza, na kuna mama mmoja kutoka Tseikuru aliyekwenda kumshtaki kwa mkewe. Kalekye alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo hakukonyezi, mama," alimwambia. "Huyo anakupiga picha. Ni vile tu leo hana kamera."

Kazi ndiyo iliyolifundisha jicho. Tangu ujana wake Kiema alikuwa mpiga picha wa soko. Siku ya soko alitundika shuka jeupe nyuma ya posho mill, penye kusagiwa unga, akawapanga watu mbele yake mmoja mmoja, kisha akapeleka filamu Kitui kusafishwa. Watu wakangoja mpaka soko lijalo ndipo wazione sura zao. Alipiga harusi na ubatizo. Alipiga mazishi, akisimama upande wa miguu ya jeneza huku mwongozaji akiita: watoto wa marehemu wasogee, wajukuu wasogee, watu wa kanisa wasogee. Ukiingia nyumba nyingi za pande zile, picha iliyo ukutani ni ya mkono wake.

Katika nyumba yake mwenyewe hapakuwa na picha ya Kalekye. Tangu walipooana mama huyo alikuwa akiuliza, na Kiema akijibu, "Filamu ikibaki." Filamu haikubaki. Kila ilipokaribia kwisha alitokea mtu na mtoto mgongoni, ametembea kutoka mbali, na Kiema hakujua kumkatalia. Mwishowe Kalekye aliacha kuuliza, akaligeuza kuwa utani wa kuwapokelea wageni. "Karibuni kwa mpiga picha. Mimi ni mkewe, ila ushahidi hakuna."

Kisha simu zikaja, kila mtu akajipiga mwenyewe, na lile shuka likawa la kuanikia ndengu. Baada ya simu yakaja macho. Katika kliniki ya macho huko Kitui waliambiwa ni presha ya macho, na kwamba wamechelewa. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilibakiwa na kijitundu katikati, kama mtu anayetazama kupitia bomba la mpapai, na hicho nacho kilikuwa kikiziba.

Binti yake, Nduku, ndiye aliyekuwa amemshika mkono walipotoka nje. Nduku ni mwalimu huko Salama. Alipewa jina la mama yake Kiema, kwa hiyo tangu utotoni baba yake alimwita mwaitu, yaani mama. Alingoja mzee aulize habari za dawa. Hakuuliza. Alisimama kwenye jua, uso ameuinua, akasema:

"Mwaitu, mama yako sikumpiga picha."

Tangu siku hiyo Nduku hakuwa na neno lingine kichwani. Alianza kwa kumpa simu yake. Mzee aliiinua mpaka usoni, akaipapasa kwa kidole akitafuta mahali pa kuchungulia, asipaone. Alipoishusha, jua lilikuwa limeufuta ule mwanga wote wa kioo.

"Hii ni ya kujitazamia," alisema, akamrudishia.

Kamera yake ya zamani ilikuwa imeshika kutu, tena ilikuwa nzito kwa mikono inayotetemeka. Ndipo Nduku alipopata wazo. Atamtafutia kamera ndogo ya kutia mfukoni mwa shati, nyepesi kama kipande cha sabuni, lakini iwe na tundu. Mtu aliyebakiwa na kijitundu cha kuonea hahitaji zaidi ya tundu la kuonea. Wazo lilimtuliza. Alikuwa hajatulia kwa muda mrefu.

Dukani kwa Othman, Kitui, zilikuwapo kamera ndogo chache kwenye kabati la vioo, chini ya chaja na redio. Othman alizipanga juu ya meza.

"Hii ina kioo kikubwa, mwalimu. Hii inazama majini isiharibike."

"Baba yangu ataipeleka maji gani, Bwana Othman? Mto wenyewe ni mchanga."

"Basi hii. Rangi nzuri."

"Iko na tundu?"

"Tundu la nini?"

"La kuweka jicho."

Othman alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba yako ni yule mzee wa Kanyangi? Aliyekuwa akinunua filamu hapa kwa marehemu baba?" Akaingia nyuma, akakaa huko kitambo, akarudi akipangusa kitu kwa ncha ya kanzu. Ilikuwa kamera ya fedha, imechubuka pembeni, ndogo kuliko kiganja, na juu ya kioo chake palikuwa na kijidirisha cha kuchungulia.

"Hizi hawatengenezi tena. Nilisikia habari za macho yake. Jicho gani limebaki?"

"La kushoto."

"Haina neno. Tundu halichagui jicho."

Nduku akaiinua, akamwona Othman ndani yake, mdogo na aliyekamilika, na kalenda ya msikiti ukutani nyuma yake. Akainunua.

Jumamosi iliyofuata Kalekye alivaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa cha buluu, akakaa kwenye kiti mbele ya ghala huku akijifanya hajali. Kiema aliigeuza kamera mikononi kwa muda mrefu. Aliitia mfukoni mwa shati, akaitoa, akaitia tena. Alitabasamu kwa jinsi ilivyoingia. Kisha akasimama, akaipeleka usoni kwenye jicho la kulia, na akalifumba la kushoto.

Nduku akamsogelea.

"Baba, hilo lilikufa. Weka kwa hili lingine."

"Najua." Akaihamisha. Lakini kamera ilipogusa tu uso, jicho la kushoto likafumbika. Akaishusha, likafumbuka. Akaiinua, likafumbika. Miaka yote ile lilikuwa limefunzwa jambo moja, na sasa lilikuwa likilifanya kwa uaminifu.

"Hili halijui kazi," mzee alisema, na Kalekye akacheka kitini pake, kwa kuwa alikuwa hajaelewa.

Walijaribu mpaka kivuli cha ghala kikahama. Nduku alitaka kumshikia kope, lakini kila alipougusa uso wa baba yake mzee alirudi nyuma, maana hakuzoea kuguswa na binti yake. Ndipo Kalekye akainuka, akasema wampishe, akaja nyuma ya mumewe na kumwinulia kope kwa kidole gumba. Kwa mkewe mzee hakurudi nyuma. Nduku alisimama mbele yao, mikono ikining'inia.

"Nakuona, mwaitu," Kiema alisema taratibu. "Umekonda." Akafyatua. Kisha akasema kwa furaha, "Sasa mama yako asimame hapo."

Kalekye alikiondoa kidole ili aende, na jicho likafumbika.

Mzee alifyatua hivyo hivyo, mara nyingi, akiielekeza kamera pale alipoisikia sauti ya mkewe. Jioni Nduku alizitazama zote. Paa la ghala. Mbingu. Udongo, na ncha ya kiatu.

"Zimetoka?" Kalekye aliuliza.

"Bado, mama."

Kesho yake Nduku alirudi Salama, shule zilikuwa zikifunguliwa. Kabla ya juma kwisha alipigiwa simu kwamba mzee ameanguka kwa kiharusi. Alipofika alimkuta hai lakini bila kauli, na bila kauli akafa. Mazishini vijana walipiga picha kwa simu. Mwongozaji alipoita mke wa marehemu asogee, Kalekye alijiweka kando ya jeneza, akaangalia pale kwenye miguu, mahali mpiga picha alipozoea kusimama, na hata walipomwambia azitazame simu hakugeuka.

Kamera ilikuwa bado mfukoni mwa shati aliloanguka nalo. Ndani yake kuna picha moja ya mtu, nayo ni ya Nduku.

Asubuhi ile ya kuondoka alikuwa amemkuta baba yake uani, kamera kifuani, uso umeelekea jua, akamuaga. Mzee aliutafuta mkono wake akaushika, akalifumba jicho la kushoto.

"Si macho, mwaitu," alimwambia. "Ni mwanga tu jana ulikataa. Mwambie mama yako asikivue hicho kitambaa."