Bolti ya Nne

Mama mkwe wangu alikataa kupanda gari kwa sababu ya mlio, ndiyo maana alikaa kwangu Mbinga miezi mitano huku mihogo yake ikiozea ardhini kule Liuli.

Mlio wenyewe ulitoka nyuma. Nyii. Kimya. Nyii. Barabara ikiwa nzuri husikii kitu. Ulingoja shimo au kona, ndipo ujitokeze, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani asitake kuamsha watu. Ulianza wiki ile ile tuliyomzika mume wangu, na gari hilo ndilo lililomleta kutoka hospitali. Jumapili ya kwanza baada ya msiba nilikuwa nampeleka mama kanisani. Tulipovuka tuta la pili akanishika bega.

"Simama."

Nikasimama. Akateremka, akarudi nyumbani kwa miguu, kitenge kimemfunika mpaka kwenye macho. Nilipomfuata nilimkuta na maneno tayari. "Yule ni mwanangu. Analalamika. Mimi siwezi kuondoka nikamwacha hivyo."

Nikamwambia basi apande basi dogo, linashuka ziwani kila siku. Akakataa hilo pia. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa akibeba kigoda chake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba, pale mwanawe alipolala katikati ya kahawa aliyoipanda mwenyewe, kama alivyoomba. Mama alitaka azikwe ziwani. Hakushinda, na hakusahau.

Mimi ni mwalimu. Nililetwa huku na serikali kutoka Dodoma, na mambo ya wafu kulia ndani ya magari nilikuwa nayacheka. Lakini acha niseme ukweli. Nikiwa peke yangu kwenye usukani, ule mlio ukitoka, nilikuwa naitika. "Nipo," nasema. Mtu mzima, chaki kwenye vidole, naongea na viti. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa zaidi kwamba siku moja hautatoka.

Mama alipoanza kuusukuma ugali pembeni, leo matonge mawili, kesho moja, mzaha ukaniisha. Niliona kabisa kwamba nisipompeleka kwake akiwa hai, nitampeleka akiwa maiti, tena kwa gari hilo hilo.

Nikaenda kwa fundi. Akatikisa gari kwa kiganja, akasikiliza, akasema, "Bushi hizo, madam, vile vimpira vya chini." Tukabadilisha bushi. Nyii. Akasema shokapu. Tukabadilisha. Nyii. Nikamwambia safari ijayo aseme tu ni mimi ninayelia, tubadilishe dereva. Mdomo wangu hauna breki, najua, na yeye hakukasirika.

Nyumbani nikaanza kutafuta mwenyewe. Nilipaka sabuni ya mche kwenye mipira ya milango yote. Nikafunga jeki kwa matambara, nikatoa tairi la akiba. Nikatoa viatu vya mvua vya mume wangu, mkasi wake wa kupogolea kahawa, chupa ya chai ambayo ndani yake bado kulikuwa na majani yaliyokauka. Kila nilichotoa niliona namfukuza. Gari likabaki tupu, na mlio ukasikika vizuri zaidi.

Nilirudi kwa fundi nikiwa nimeshiba hasira. Safari hii aliweka spana chini. "Madam, mlio hautafutwi na anayeendesha. Lala nyuma, mimi niendeshe."

Tukaenda upande wa Kigonsera, tukaingia njia ya vumbi ya mashambani. Nililala sakafuni na gauni langu la kazi. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," fundi akasema akicheka. "Endesha," nikamwambia.

Nilibonyeza kila kitu kwa zamu: mlango, dirisha, ukuta wa pembeni. Nyii. Nikabonyeza mkanda. Nyii. Kisha nikaweka kiganja kwenye mguu wa kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Kimya. Nikakiondoa. Nyii. Nikakirudisha na sikukitoa tena. Ulikuwa pale, unatetemeka chini ya mkono wangu, na kwa mwendo mrefu sikumwambia fundi asimame. Nililia nikiwa nimeushika.

Fundi aliposimama na kumulika kwa simu akasema, "Bolti zipo tatu, zinatakiwa nne. Nani alifunga kiti hiki?"

Hapo nikakumbuka yote. Pale hospitali waling'oa kiti ili jeneza liingie, wakanikabidhi bolti nne nizishike. Kulikuwa na baridi, nilikuwa nimejitanda koti la mume wangu, nikazitia mfukoni. Mfuko ule ulikuwa umetoboka ndani, kitu kikipenya kinabaki kwenye bitana ya koti. Alipokuwa hai alinisihi nimshonee, nikasema kesho, kesho. Tulipofika nyumbani, kabla ya mazishi, wakataka kurudisha kiti haraka ili gari likawachukue wazee kituo cha basi. Nikatoa nilizozikuta. Hakuna aliyehesabu. Nani anahesabu bolti siku hiyo?

Na kabla jeneza halijafungwa, mama alisogea. Mwanawe alikuwa amevalishwa tai ya mwalimu mwenzangu. Akaifungua taratibu, akamrudishia mwenyewe. "Mtu hazikwi na kitu cha kuazima," alisema. "Atarudi kukirudisha." Kisha akalivua lile koti mabegani mwangu, akamfunika nalo kifuani. "Huku juu baridi. Huyu ni mtu wa ziwani."

Fundi akatia bolti mpya. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikapiga magoti karibu na kigoda, nikamweleza mama kila kitu, hata habari ya mfuko ambao sikuushona. Alisikiliza bila kunitazama.

"Kwa hiyo amelala na chuma."

"Ndiyo, mama."

"Cha gari."

"Ndiyo."

"Na gari ni la nani?"

"Lake, mama," nikasema.

Akainuka, akakishika kigoda chake. "Basi ameondoka na cha kwake," akasema. Jioni ile alikula ugali wote na kuomba mboga zaidi.

Siku ya tatu tuliondoka. Alichagua kukaa kwenye kiti kile kile, akishika ukingo wake kwa mikono miwili. Katika kona za juu ya Mbamba Bay, ziwa lilipotokea chini yetu, nilisikia akisema, "Amenyamaza." Nilipoangalia kwenye kioo alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akalala mpaka Liuli, na mashimo yote ya njia ile hayakumwamsha.

Nilirudi peke yangu. Gari halikutoa sauti hata moja. Nilizima redio, nikafuata mashimo kwa makusudi, wapi.

Gari lile watu wote waliliita la mume wangu kwa kuwa yeye ndiye aliyeliendesha. Nililinunua mimi, kabla sijamfahamu, na kadi yake ina jina langu mpaka leo. Mama sikumwambia, na sitamwambia. Yeye amempumzisha mwanawe. Mimi nina mume aliyezikwa na kitu cha kuazima, na bado namngoja akirudishe.