Vile Nilizibua Lavabo ya Madamu

Ninyi batoto ba mwaka wa kwanza, mukae muzuri, muzee wenu asimulie. Niko na miaka kumi na sita, na kazi ya tiyo za maji nimekwisha kuistaafu. Niliifanya siku moja.

Siku ile ya kwanza Chef wa atelier, mwalimu wetu wa ufundi, alinituma ku nyumba moja ya bazungu, ile lavabo yake, bakuli ya kunawia, ilikuwa inashusha maji polepole. "Fundi hafichi kitu," akaniambia. "Ile unatoa, unaionyesha mwenye nyumba."

Mimi sikuwahi kunawa mu lavabo. Lakini sifo nilijua kuichora: tiyo ya chini, yenye kupinda kama shingo ya bata, inalinda maji kidogo ili harufu isipande.

Mulango ya nyuma alinifungulia Papa Ilunga, boyi wa nyumba, muntu wa miaka sawa na baba yangu, kidevu laini kama yai.

"Fundi iko wapi?"

"Iko mbele yako, Papa."

"Mungu atusaidie." Lakini chai akanipa.

Nikaweka ndoo, nikafungua sifo. Sabuni nyeusi, fundo la nywele. Nikarudisha sifo, nikajaribu: maji ikashuka mbio. Nikatandika gazeti, nikapanga uchafu wote, nikaita Madamu mwenye nyumba, kama muntu mwenye kuuzisha samaki.

Akainama. Nywele yake, ndefu, ya manjano. Na ingine nyingi, fupi, nyeusi, ya kujikunja. Bwana yake hana hata moja ku kichwa.

"Ilunga, unanyolea ndevu humu?"

Papa Ilunga akaangalia gazeti, kisha mimi. "Ndiyo, Madamu. Ku cité, kwetu batu beusi, avenue nzima iko na robine moja ya maji. Na weye hautaki nifike na ndevu."

"Vua tabuliye, uirudishe. Kazi imekwisha."

"Madamu, bila kazi banatufukuza mu mji. Niko na batoto."

Madamu alikuwa amekwisha kutoka.

Ile uchafu ningeiacha mu ndoo, nani angeuliza? Mu njia ya kurudi, mimi na Papa Ilunga, nilitafuta kichekesho, nikakosa.

"Papa, sikujua."

"Uliona, mwana. Hukuwaza tu."

Chef alinipa pointi kupita bote. Kesho yake nikaomba nihamie ku kazi ya mbao.

Juma lililofuata nilibebea jamaa ya Papa Ilunga sanduku mupaka ku gare ya treni. Balikuwa banarudi ku kijiji chao, kaskazini. Bibi yake akanishika mukono, akanishukuru sana, akasema batoto ba siku hizi habana roho kama yangu.

Papa Ilunga alikuwa anapandisha batoto mu wagoni. Hakumuambia Bibi yake ile gazeti ni mimi niliitandika.