Nilifundisha Batri Bila Kujua Nota

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef d'orchestre, kiongozi wa bendi ya mtaa wa Mangobo, hakunipa fimbo za kupigia ngoma. Alinipa mbabula, jiko la makaa. Wakati ule ngozi za batri, ile seti ya ngoma mutu mumoja anaipiga kwa mikono na miguu, zilikuwa za mbuzi, na unyevu wa Kisangani ulizilegeza kama masikio ya mbuzi mwenyewe. Donc, kabla ya mazoezi lazima uzipashe moto.

"Mwanamuke anajua moto," Chef alisema.

"Na wewe papa unajua kuongea," nilijibu.

Wiki tatu baadaye mupiga batri wao akashikwa na malaria. Nikaketi mimi. Sikuondoka tena.

Batri nilijifunza kwa mudomo. "Tshi" iko sahani ya shaba, "ka" iko caisse claire, ngoma ndogo yenye nyaya chini, "dum" iko ngoma kubwa ya muguu. Tshi, tshi-ki-tshi. Ukiweza kuitamka, mikono itafuata. Hivyo nilipiga rumba, harusi, matanga, misa. Kwenye kambi ya Kapalata nilipiga na fanfare, bendi ya tarumbeta ya askari, mpaka Adjudant, mukubwa wao, akalia: "Mama, batu wangu wanapaswa kutembea, si kucheza!" Uongo haukuwapo. Walikuwa wanakata viuno.

Kisha Préfet, mukuu wa shule moja ya sekondari, akaniita nifundishe. Hapo njo woga uliingia. Mimi niliishia darasa la tatu. Nota, zile alama za muziki kwenye karatasi, sikujua hata moja. Kila asubuhi nilifungua kitabu cha solfège, cha kusoma nota, mbele ya batoto, nikageuza kurasa kama padri, nikaimba tshi-ki-tshi yangu. Miaka kumi na moja! Gari likisimama uwanjani, nawaza: leo wananifukuza.

Inspecteur, mukaguzi wa shule, akafika kweli. Akaweka karatasi mbele yangu. "Mama, utusomee hii."

Nikafunga kitabu.

"Papa Inspecteur, sijui kuisoma. Sijawahi kujua. Wewe uiimbe, mimi nitaipiga."

Préfet akashika kichwa. Inspecteur akaimba kwa sauti ya pua, nami nikaipiga yote, mara moja. Akanitazama, akavua koti, akaketi kwenye batri ajaribu mwenyewe. Mikono ilienda mbali Bafwasende, miguu ikabaki Kisangani.

"Papa, tshi kwanza!" musichana mumoja wa mbele akamwambia. Darasa likapasuka kwa kicheko, na Inspecteur pia.

"Bon," alisema akipangusa jasho. "Mama anabaki. Lakini mutu aandike anachosema."

Siku ile nilikula pondu ya majani ya muhogo sahani mbili, nikalala kama mutoto.

Leo magoti yamekataa, nimepumzika. Musichana yule njo anakalia kiti changu. Nyinyi vijana, musifiche kitu musichojua. Kinachosha kuliko batri. Juzi niliketi benchi la nyuma la darasa lake, nikanyoosha kidole ubaoni, kwenye kichwa cheusi chenye mukia, katikati ya mistari.

"Mwalimu, hiyo iko nini?"

"Mama, hiyo njo ka yako."

Nikaiangalia sana. Kumbe tulikuwa tunajuana.