Baruti ya Mjomba

Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi. Jirani anapulizia mikorosho salfa, na harufu yake imeingia chumbani mpaka kwenye shuka. Nimekumbuka gobori la mjomba; baruti yake ilinuka hivi hivi.

Nilikuwa darasa la tatu. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza muhogo wetu, na gobori lile ndilo silaha pekee tuliyokuwa nayo. Mtani wake mjomba, wa Chilangala, alimletea baruti laini kama poda. "Kwa hii, goroli inafika Lukuledi hujapepesa jicho!" Mjomba alikuwa na yake, ya chengachenga. Akachoma kidogo ya kila moja juu ya kigae, akaniita mimi, mtoto ambaye hata shikamoo nilikuwa naitoa kwa kunong'ona.

"Pitisha kidole. Ipi imeacha uchafu?"

"Hii laini," nikasema. "Inanata."

"Umeona? Uchafu huu unakula mtutu. Leo goroli itakimbia, kesho itakwenda inakotaka yenyewe."

"Yaani unamsikiliza mtoto wa kike?" mtani akacheka.

"Wewe umeangalia moto. Mwenzio ameangalia kigae."

Jioni ile akajaza ya chengachenga. Dume la nguruwe lilianguka kwa mlio mmoja, ukingoni mwa shamba.

Asubuhi yake sikunawa kile kidole. Mstarini, mwalimu wa zamu alipokagua kucha, nilikuwa wa kwanza kukinyoosha. "Ni baruti, mwalimu," nikasema, na darasa zima likasikia. "Tumeichagua mimi na mjomba."