Dawa za Wagonjwa wa Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwandikia dawa mtoto mwenye malaria, na mkono wangu ukatetemeka hadi mama yake akaniuliza kama mimi pia ni mgonjwa. Ilikuwa zahanati ndogo upande wa Mutuini, vyumba viwili na benchi la nje. Nilikuwa afisa wa kliniki, yaani mtu wa diploma anayepima na kutibu, lakini si daktari wa shahada. Sista Msimamizi, mama mnene wa maneno machache, alinikabidhi karatasi za kuandikia dawa akasema, "Hapa watu watakuita daktari. Itika tu. Lakini wewe mwenyewe usijiite."

Niliitika kwa miaka mingi. Kutoka Mutuini nilihamishiwa kituo cha afya karibu na katikati ya jiji, kisha kliniki moja upande wa Lavington. Huko matajiri walikuwa na madaktari wao. Sisi tuliwatibu walinzi, watunza bustani na wasichana wa kazi. Kila mgonjwa aliponizidi uwezo nilimtuma hospitali kubwa, nikabaki nikijiuliza huko wanamfanyia nini. Watoto wangu walipomaliza shule nikaomba ruhusa ya kwenda kusomea udaktari.

Afisa wa Afya aliyekuwa mkuu wangu aliikunja barua yangu ya maombi. "Nafula, ukihitimu utakuwa umebakisha miaka mingapi kabla ya kustaafu?"

"Kama kumi hivi, bwana."

"Sitakuzuia. Lakini ukianguka huko, usinirudie. Kiti chako kitakuwa na mtu."

Ninyi mnaosomea udaktari leo mnaujua ule mtihani wa mwaka wa mwisho, wa kuandika dawa. Nitawaeleza wasioujua. Unapewa wagonjwa wa karatasi: umri, uzito, ugonjwa, vipimo vya damu, dawa anazokunywa tayari. Kwa kila mmoja unaandika jina la dawa, kiwango, njia ya kuipitisha, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Juu ya hayo kulikuwa na sheria moja chuoni kwetu iliyotunyima usingizi. Ukiandika kitu ambacho kingemuua mgonjwa, mtihani wote umeanguka, hata kama mengine yote umepata. Tuliliita kosa la kuua.

Wenzangu darasani walidhani mimi sina wasiwasi. "Mathe, wewe umeandika dawa tangu hatujazaliwa," walisema. Nami nilidhani hivyo, mpaka tulipopewa jaribio la kujipima kabla ya mtihani wenyewe. Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa ajuza mwenye maumivu ya goti. Niliandika sindano ya diklofenaki, dawa kali ya maumivu, kama nilivyokuwa nimewaandikia walinzi wa Lavington, vijana wenye misuli. Vipimo vya damu vilivyoonyesha kwamba figo zake zimechoka vilikuwa pale pale juu ya karatasi. Macho yaliviona, lakini mkono ulikuwa umeshafika mbele.

Mkuu wa Idara ya Famakolojia, yaani elimu ya dawa, mwanamke mrefu niliyemzidi umri, aliniita ofisini.

"Bi Nafula, figo za mgonjwa huyu umezimaliza."

"Nimeona, Profesa."

"Umeona lini?"

"Baada ya kuandika."

"Hapo ndipo taabu yako ilipo. Hawa watoto hawajui, kwa hivyo wanasoma kila mstari. Wewe mkono wako unajua mno. Zimebaki wiki chache. Sijui kama zinatosha kuusahaulisha."

Kuanzia siku hiyo nikisikia mtu akikohoa barabarani, nilianza kumtafutia kichwani dawa na kiwango.

Aliyenishika mkono alikuwa Swaleh, kijana wa Mombasa ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa jijini, karibu na msikiti. Ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa. Siku moja alinikuta kwenye ngazi za maktaba nikiwa nimefunga vitabu.

"Bi Nafula, mimi nakariri lakini mgonjwa wa kweli nikimwona nababaika," alisema. "Wewe wagonjwa huwaogopi. Tusome pamoja."

Tulisomea Kenyatta Market, kwenye kibanda cha saluni cha dada yangu Rispa, kwa sababu nyumbani kwangu mafundi walikuwa wanabadilisha mabati na maktaba ilinitia hofu. Pale moshi wa nyama choma uliingia kwa mlango na hakuna aliyejali tukisema kwa sauti. Swaleh alikaa kati ya wanawake wanaosukwa, macho chini kwa aibu, akinisomea wagonjwa. Sheria yetu ilikuwa moja: kabla sijashika kalamu, niseme kwa sauti umri, figo, mimba, mzio na dawa anazokunywa. Mzio ni pale mwili unapoikataa dawa.

Wateja wa Rispa nao wakaingia. Mama mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, alinikatiza nikiwa nimeanza kuandika.

"Daktari, hujasema mimba."

"Huyu ni mwanaume, mama."

"Aki pole. Lakini si ungesema tu?"

Walicheka wote, nami nikacheka, halafu nikaona Swaleh hacheki. Alikuwa anafuta jasho la viganja kwenye suruali. Nilimuuliza kama yuko sawa. "Baba ameshawaambia watu wa mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari," alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Siku ya mtihani nilifika mapema, nikakuta wengine wamefika mapema kunishinda. Ukumbini ilisikika mikono ikipangusa karatasi. Wagonjwa wa kwanza walikwenda vyema. Kisha nikafika kwa mzee mwenye jipu la jino. Mkono uliandika "Metro", mwanzo wa metronidazo, dawa niliyowapa watu wa meno tangu Mutuini. Nikajilazimisha kusimama. Nikataja kwa mnong'ono: umri, figo, mzio, dawa anazokunywa. Alikuwa anakunywa warfarini, ambayo huzuia damu kuganda. Hizo mbili zikikutana, mtu anaweza kutokwa damu hadi afe.

Nilifuta lile neno kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa, nikaandika amoksilini mahali pake na maelezo kwamba damu yake ipimwe upya. Kisha ilinibidi niweke kalamu chini. Msimamizi wa mtihani alinijia kuuliza kama nataka maji.

Matokeo yalitumwa kwenye simu, orodha ya nambari za waliopita. Nambari yangu ilikuwemo. Niliisoma, nikamwita Rispa aisome, nikaketi. Halafu nikatafuta ya Swaleh. Haikuwemo.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Siku mbili hakuonekana chuoni, na siku ya tatu nikaenda dukani kwa baba yake. Mzee Athmani alinikaribisha kwa kikombe cha kahawa na hakuuliza chochote kabla sijakinywa.

"Wewe umepita, Bi?"

"Nimepita, Mzee."

"Alhamdulillahi." Aliviweka sawa vitambaa ambavyo havikuwa vimevurugika. "Mwenzio yuko stoo. Anahesabu majora. Anasema udaktari basi."

Nilimkuta Swaleh amekaa juu ya jora la kitambaa cha buibui. Alinieleza bila kuinua kichwa. Mgonjwa alikuwa na moyo uliochoka, dawa yake ni digoksini, ambayo kiwango chake ni mikrogramu. Yeye kwa haraka ya kumaliza akaandika miligramu, yaani mara elfu moja zaidi.

"Kiwango nilikijua, Bi Nafula. Nilikijua kabisa. Ningekuwa wodini, yule mtu angekufa."

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kufariji, kwamba ni karatasi tu, kwamba muuguzi angegundua. Niliyaacha. "Ndiyo," nikasema. "Angekufa."

Aliinua kichwa.

"Na mimi yule ajuza wangu angekufa, na mzee wa jino nusura. Sasa inuka. Marudio ni mwezi ujao, na mimi sina mtu mwingine wa kusoma naye."

"Wewe si umepita?"

"Nimepita. Hofu haijapita."

Tulirudi saluni. Safari hii mimi ndiye niliyemsomea wagonjwa, naye akawa anataja kipimo kwa neno zima, bila kufupisha, hata wanawake wakakariri naye. Siku ya marudio nilimsubiri nje ya ukumbi pamoja na baba yake, ambaye hakukaa hata mara moja. Swaleh alipita. Mzee Athmani alilia kimya kimya, akafuta uso kwa kofia yake, akatuambia twendeni tukale.

Nilifanya udaktari hadi umri wa kustaafu, katika hospitali mbili za jiji hili, na nilipostaafu kliniki moja ya binafsi ikaniomba niendelee kwa muda. Nikakubali. Sasa wanafunzi hunitembelea hapa Mutuini, hasa mitihani inapokaribia, na wote huniuliza swali moja: nifanye nini hofu initoke? Huwa nawaeleza nilivyoiacha ile kliniki. Asubuhi moja nilimwandikia mama mmoja dawa ya presha huku nikiongea na karani kuhusu mvua. Alipotoka nikashtuka: sikukumbuka kuandika. Nilimkimbilia hadi getini, nikaomba karatasi, nikaisoma mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa hata moja. Nilimrudishia, nikamtakia safari njema, nikaenda kumwambia Mkurugenzi atafute mtu mwingine.

Alishangaa. "Kwani umekosea nini, Daktari?"

"Sijakosea," nikamwambia. "Sikuogopa."